Nyenzo za breki za zamani na breki mpya za V: kwa nini haziendani, na nini cha kufanya

Msomaji wetu mmoja wa Moshi ameuliza hivi: "Nina baiskeli ya milimani ya mwaka 1992 niliyoinunua kwa wauza mitumba. Fremu yake ni ya chuma na bado ni imara, na nyenzo za breki za kwenye usukani ni za alumini, nzuri kuliko nyingi ninazoziona madukani leo. Breki zenyewe zilikuwa zimelegea, kwa hiyo fundi akanifungia breki mpya za V mbele na nyuma, ila nyenzo akaziacha zilezile. Sasa ya mbele inakamata kwa ghafla mno, na ya nyuma sharti niuvute wenzo mpaka ukaribie kugusa usukani. Fundi anasema waya ukikazwa mambo yatakuwa sawa. Mimi huteremka mara kwa mara kutoka Marangu hadi Himo. Je, nikaze waya na kuendelea?"

Ndugu msomaji, usiendelee, walau si kwenye mteremko huo. Dalili mbili ulizozieleza, yaani kukamata kwa ghafla na wenzo kufika kwenye usukani, zinaonekana kama hitilafu mbili zinazopingana, lakini chanzo chake ni kimoja: nyenzo zako zilitengenezwa kwa ajili ya breki za kantileva, yaani zile za zamani zenye mikono mifupi, na breki za V, zenye mikono mirefu, zinahitaji wenzo unaovuta waya mrefu zaidi kwa kila sentimita ya vidole. Kukaza waya kutaificha dalili ya pili kwa siku chache na hakutaigusa ya kwanza. Breki alizochagua fundi wako hazina kasoro, na nyenzo zako nazo hazina kasoro. Kasoro iko katika kuzifunga pamoja.

Ili ueleweke msingi wa jambo hili, tuifuate nguvu ya vidole vyako hadi kwenye rimu. Njiani inapita nyenzo mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni ile unayoishika kwenye usukani: vidole vinavuta upande mrefu, na waya umenasa upande mfupi, karibu na egemeo, yaani ile pini ambayo wenzo unazunguka juu yake. Ya pili ni mkono wa breki wenyewe, uliosimama kwenye kigingi kilichochomelewa kwenye fremu au kwenye foku: waya unavuta ncha ya juu, na raba iliyo karibu na kigingi inabana rimu. Kila hatua inazidisha nguvu na wakati huohuo inapunguza mwendo. Nguvu ikizidishwa mara nne, mwendo unagawanywa kwa nne, wala hakuna ufundi wa kuikwepa hesabu hiyo. Kwa hiyo watengenezaji hugawanya kazi kati ya hatua hizo mbili kwa namna ambayo jumla yake inamfaa binadamu: nguvu ya kutosha kusimamisha baiskeli, na mwendo wa kutosha ili raba ziachane na rimu pale usipofunga breki.

Katika breki za kantileva za enzi ya baiskeli yako, mikono ni mifupi, na huvutwa kutoka juu kwa waya mfupi unaoiunganisha miwili kama paa la kibanda, huku waya mkuu ukilivuta paa hilo katikati. Mikono hiyo haizidishi nguvu sana, kwa hiyo wenzo wa kwenye usukani ndio uliopewa sehemu kubwa ya kuizidisha. Mwaka 1996 kampuni ya Shimano ilianza kuuza breki ilizoziita V-Brake, na kampuni nyingine zikafuata haraka. Humo mikono ni mirefu, kwa kawaida zaidi ya milimita 100 kutoka kigingini hadi pale waya unaponaswa, na waya unapita kwa ulalo kutoka mkono mmoja hadi mwingine baada ya kuongozwa na kibomba cha chuma kilichopinda. Mikono mirefu inazidisha nguvu karibu maradufu ya kantileva, na kwa sababu hiyo inadai waya uvutwe karibu maradufu. Shimano waliliona hilo tangu mwanzo, wakatengeneza nyenzo mpya za kuambatana na breki hizo, na katika maelekezo yao wanasisitiza kwamba breki za V zitumiwe na nyenzo za V peke yake.

Tofauti kati ya aina mbili za nyenzo haionekani kwa mtu anayeziangalia kwa mbali, kwa maana zote zina umbo moja na zote hushika usukani kwa namna ileile. Imefichika ndani, katika umbali kati ya pini ya egemeo na pale kichwa cha waya kinaponasa. Kwenye wenzo wa kantileva umbali huo huwa kama milimita 20 au pungufu. Kwenye wenzo wa V huwa milimita 30 au zaidi.

Sasa tupige hesabu kwa tarakimu za mviringo. Tuseme vidole vyako vinavuta wenzo milimita 80 kutoka kwenye egemeo, na vinaweza kusogea milimita 50 kabla ya kuugonga usukani. Wenzo wa zamani, wenye milimita 20, unazidisha nguvu mara 4 na unavuta waya milimita 12.5 basi. Wenzo wa V, wenye milimita 32, unazidisha nguvu mara 2.5 na unavuta waya milimita 20. Mkono wa breki ya V, wenye waya kwenye milimita 104 na raba kwenye milimita 26 kutoka kigingini, unazidisha mara 4. Raba ikikaa milimita 1 kutoka kwenye rimu kwa kila upande, ncha ya kila mkono lazima isogee milimita 4 kabla raba haijagusa, na kwa kuwa waya ni mmoja na mikono ni miwili, milimita 8 za waya zinatumika kwa ajili ya kufunga nafasi hiyo peke yake. Mwenye wenzo wa V anabakiwa na milimita 12 za kubana. Wewe unabakiwa na 4.5.

Hizo 4.5 ndizo zinazopaswa kugharimia kila kitu kinacholegalega unapobana kwa nguvu: ganda la waya linajikunja na kufupika kidogo, waya wenyewe unanyooka, raba zinaminywa, mikono inapinda, na foku au fremu inatanuka kwenye vigingi. Kwa breki ya mbele, yenye waya mfupi, milimita hizo zinaweza kutosha. Kwa breki ya nyuma, ambayo waya wake unasafiri kutoka usukani hadi nyuma ya tandiko, hazitoshi, na ndiyo sababu umeliona tatizo la wenzo kugusa usukani nyuma na si mbele, ingawa breki na nyenzo ni za aina ileile pande zote mbili.

Tazama sasa upande wa nguvu. Kwa mfano wetu, wenzo wa V na breki ya V vinazidisha nguvu ya vidole mara 10. Wenzo wa kantileva na breki ya kantileva vinaweza kufika mara 8 hivi, kutegemea pembe ya waya wa juu. Mchanganyiko wako unafika mara 16. Ukivuta kwa nguvu inayolingana na kilo 10, kila raba ya mbele inaibana rimu kwa kilo 160 badala ya 100 zilizokusudiwa. Hapo ndipo unapopata kule kukamata kwa ghafla: tofauti kati ya kupunguza mwendo na kufunga gurudumu inakuwa ndogo mno kwa vidole kuipima. Kwenye changarawe gurudumu la mbele likifunga linateleza na kukuangusha ubavu, na kwenye lami kavu yenye mteremko linaweza kukurusha mbele juu ya usukani. Wapo wanaosifu mchanganyiko huu kwa sababu ukijaribiwa dukani, baiskeli ikiwa imesimama, unajihisi laini na wenye nguvu. Ulaini huo ni ishara mbaya. Breki iliyofungwa vizuri huonekana ngumu kidogo mkononi mara raba zinapogusa, na ule ugumu ndio unaokuwezesha kuidhibiti.

Nirudi kwenye ushauri wa kukaza waya. Unachofanya ukikaza waya ni kuzileta raba karibu na rimu, tuseme kutoka milimita 1 hadi nusu milimita, na kweli utaokoa milimita 4 za waya. Wenzo utasimama mbali na usukani na utaona kwamba fundi alisema kweli. Lakini nafasi ya nusu milimita inataka rimu iliyonyooka kabisa, na rimu ya baiskeli iliyokwisha kutumika miaka 30, ikipita kwenye mashimo na matuta, haikai hivyo kwa muda mrefu. Ikiyumba kidogo tu, raba zitaanza kusugua kila mzunguko, nawe utalazimika kulegeza waya ulioukaza. Shimano wenyewe hupendekeza nafasi ya jumla ya milimita 2, yaani moja kila upande, na mfumo mzima umekadiriwa kwa kipimo hicho.

Zaidi ya hayo, raba zinalika. Kila nusu milimita inayolika kwenye kila raba inameza milimita 4 za mvuto wa waya. Kwa mwenye nyenzo za V hilo ni jambo la kukaza kirekebishi, ile skrubu ya kukazia waya, wiki ijayo. Kwako wewe, mwenye akiba ya milimita 4.5, nusu milimita hiyo ndiyo breki yako yote. Na raba hazisubiri ufike nyumbani ndipo zilike. Wakati wa masika, maji na mchanga laini vinaposhikamana na rimu, raba huliwa upesi ajabu, na mteremko mmoja mrefu unaweza kuondoa kile ambacho kwa kiangazi kingechukua majuma. Utaondoka juu na breki inayofanya kazi, na njiani, pale rimu ilipolowa na unahitaji kubana kuliko kawaida, wenzo utalala juu ya usukani na hapatakuwa na cha kuvuta tena. Hali hiyo haitangulizi onyo refu, na ndiyo hoja yangu kuu dhidi ya mchanganyiko huu. Ile ya kukamata kwa ghafla mtu anaweza kuizoea, hii haizoeleki.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwa rula kwamba ninachokisema kinahusu nyenzo zako. Vuta wenzo, tazama ndani kwa chini au kwa mbele, tafuta pini ya egemeo na kile kichwa cha waya chenye umbo la pipa dogo, kisha pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Ukipata milimita 20 au karibu na hapo, mjadala umekwisha. Ukipata 30 na kuendelea, basi nyenzo ni za V, pengine zilibadilishwa na mwenye baiskeli wa awali, na kosa litafutwe kwenye waya, ganda au namna raba zilivyofungwa. Zipo pia nyenzo zenye matundu mawili au matatu ya kunasia waya, au skrubu inayosogeza pale waya unaponasa, ili zitumike na breki za aina zote mbili. Ukibahatika kuwa nazo, hamishia waya mbali zaidi na egemeo na tatizo limeisha bila gharama. Kwa baiskeli ya 1992 ambayo haijabadilishwa kitu sitarajii hivyo, kwa sababu breki zenyewe zilikuwa hazijaingia sokoni.

Dawa iliyo rahisi, na ambayo ningeipendekeza kwa watu wengi, ni kununua jozi ya nyenzo za V. Si lazima ziwe za kampuni iliyotengeneza breki, wala za bei kubwa. Mirija ya usukani wa baiskeli za milimani ina kipenyo cha milimita 22.2 pale nyenzo zinaposhika, na kipimo hicho hakikubadilika kati ya enzi ya baiskeli yako na sasa, kwa hiyo nyenzo mpya zitaingia mahali pa zile za zamani bila kuchongwa. Kichwa cha waya nacho ni kilekile cha pipa. Madukani, nyenzo nyingi za baiskeli za milimani zinazouzwa kwa ajili ya breki za waya siku hizi ni za kipimo cha V, lakini chukua rula uende nayo, maana katika masanduku ya vipuri vya mitumba aina zote mbili huchanganyika. Nyenzo za plastiki ningeziacha, hata kama kipimo chake ni sahihi, kwa sababu zinapinda unapobana na kukurudisha kwenye ulegevu uleule unaoukimbia.

Kikwazo kimoja kinaweza kujitokeza. Baiskeli nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuja na kifaa ambacho wenzo wa breki na vibadilishio vya gia vimeungana katika mwili mmoja. Ikiwa zako ni za namna hiyo, kuondoa wenzo ni kuondoa gia pia, na utalazimika kununua vibadilishio vinavyojitegemea vinavyolingana na idadi ya gia za nyuma, ambayo kwa mwaka huo mara nyingi ni 7. Vibadilishio vya gia 7 bado vinapatikana na havina bei ya kutisha, lakini ni gharama ya ziada, pamoja na nyaya mpya za gia. Kama vibadilishio vyako ni vile vidogo vya kusukuma kwa kidole gumba, vilivyofungwa peke yake juu ya usukani, huna la kuhofia.

Kwa mtu ambaye hataki kabisa kuachana na nyenzo zake, ipo njia ya pili, nayo ni kapi ndogo inayofungwa kwenye breki mahali pa kile kibomba kilichopinda. Inayojulikana zaidi huitwa Travel Agent na huuzwa na kampuni ya Marekani ya Problem Solvers. Kapi hiyo ina mifereji miwili yenye vipenyo tofauti: waya kutoka kwenye wenzo unauzunguka mfereji mdogo, kisha unaendelea kwenye mfereji mkubwa kabla ya kuelekea mkono wa pili wa breki, hivyo milimita moja inayovutwa na wenzo inatoka upande wa pili ikiwa karibu milimita mbili. Nguvu nayo inapungua kwa kiwango hichohicho, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa tuliona ilikuwa imezidi. Zinafanya kazi zilivyoahidi. Ila waya unapindwa kwa ukali ndani yake na huchakaa mapema hapo, nyuzi zikianza kukatika moja moja mahali usipopaona bila kufungua, na tope likiingia breki inakuwa nzito. Itabidi uagize kutoka nje, na kwa gharama ya kapi mbili pamoja na usafirishaji unaweza kupata nyenzo za V nzuri na nyaya zake. Ninaiona kuwa njia ya wenye nyenzo zilizoungana na gia, au ya waendesha baiskeli za mbio wenye usukani uliopinda, ambao nyenzo zao hazibadilishwi kirahisi.

Njia ya tatu ni breki za V fupi, zenye mikono ya milimita 80 hadi 90 badala ya zaidi ya 100. Tektro wanazo zenye milimita 80, na TRP, ambayo ni chapa ya ngazi ya juu ya kampuni hiyohiyo, wanazo za 84 na 90, zote zikilengwa kwa nyenzo zenye mvuto mfupi. Hesabu yake inakaribia kukubali, lakini mikono ikiwa mifupi waya unapita chini zaidi, karibu na tairi, na tairi pana la milimani lenye meno, likibeba tope la kahawia la huko kwenu, huenda lisipite. Kwa baiskeli ya tairi nyembamba ningesema jaribu. Kwa yako, hapana.

Njia ya nne ndiyo ambayo mimi, kwa baiskeli uliyoieleza, ningeifikiria kwa uzito zaidi kuliko pengine ulivyotarajia: kurudi kwenye kantileva. Nyenzo zako ni nzuri, unazipenda, na zilitengenezwa kufanya kazi na breki hizo. Umesema mikono ya zamani ilikuwa imelegea, lakini mikono ya kantileva iliyolegea kwenye vigingi mara nyingi inahitaji kusafishwa, kupakwa grisi na kukazwa bolti, isipokuwa kama tundu lenyewe limepanuka. Na malalamiko mengi dhidi ya kantileva za zamani yanatokana na raba. Raba ya breki inayokaa miaka mingi, hasa kwenye joto, inakauka na kuwa ngumu kama kwato, na hakuna wenzo wala mkono wa breki utakaoifanya ishike rimu. Raba mpya zilizo laini, waya mpya, na ule waya wa juu kushushwa karibu na tairi kadiri usalama unavyoruhusu ili nguvu iongezeke, vinaweza kukupa breki itakayokutosha kabisa kwenye mteremko wako. Ukichagua njia hii hakikisha kishikio cha ganda la waya, kile kilichokuwa juu ya foku kwa mbele na karibu na bolti ya tandiko kwa nyuma, bado kipo. Fundi anapofunga breki za V mara nyingi hukiondoa kwa kuwa hazikihitaji.

Hapa niongeze tahadhari kwa wasomaji wengine watakaopata nyenzo za V na kutaka kuzifunga kwenye kantileva za zamani. Mchanganyiko huo wa kinyume unazidisha nguvu mara 5 hivi kwa mfano wetu, yaani nusu ya kinachohitajika. Wenzo utakuwa mgumu kama jiwe, raba zitagusa mara moja, na mtu atadhani ana breki imara kuliko zote mpaka atakapotaka kusimama.

Tukirudi kwako, ukiamua kubaki na breki za V na kununua nyenzo zake, zipo hoja chache za kukagua kwa kuwa fremu ni ya kabla ya 1996. Vigingi vinapaswa kuwa chini ya rimu, si juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 baadhi ya baiskeli za milimani zilikuwa na breki ya nyuma iliyofungwa chini ya fremu karibu na pedali, na vigingi vyake viko juu ya usawa wa rimu. Hapo breki ya V haifungiki. Yako imekubali, kwa hiyo hauko katika kundi hilo. Kila kigingi kina matundu matatu madogo ya kuingizia ncha ya springi, na kwa kawaida la katikati ndilo linalofaa. Mkono mmoja ukiwekwa tundu tofauti na mwenzake, breki itavuta upande mmoja daima, hata ukizungusha skrubu za pembeni namna gani. Vigingi vya fremu za zamani huenda vimekaribiana kuliko vya leo, na hilo hurekebishwa kwa washa nene na nyembamba zinazokuja na raba za V: zibadilishane nafasi, ya ndani iende nje, mpaka mikono isimame karibu wima raba zinapobana rimu. Mikono ikiegemea ndani mno, kibomba kitagongana na kishikio cha waya upande wa pili kabla raba hazijabana, na utapata wenzo mgumu usiosimamisha kitu.

Kibomba hicho nacho hutazamwa kwa nadra. Baadhi huwa na springi ndani yake, iliyowekwa na kiwanda ili kulainisha breki ya mbele kwa wanaoanza. Springi hiyo hula mvuto wa waya inapominywa. Kwa nyenzo ulizonazo sasa inazidisha balaa, na hata ukiwa na nyenzo za V ningeibadilisha kwa kibomba cha kawaida, ambacho ni kitu cha bei ndogo.

Nyaya na maganda yawe mapya. Ganda la breki lina chuma kilichosokotwa kama springi ndefu, na haliwezi kubadilishwa kwa ganda la gia, ambalo nyuzi zake zimenyooka kufuata urefu na huweza kupasuka likibeba nguvu ya breki. Nimeona limefungwa hivyo zaidi ya mara moja, kwa sababu mbili hizo zinafanana kwa nje. Kata ncha zake zikiwa bapa, zipige tupa, vika kofia zake, na usiache ganda refu linalojikunja bila sababu, maana kila mzingo ni mvuto unaopotea. Kisha kaza bolti zote na uvute kila wenzo kwa nguvu zako zote mara kadhaa baiskeli ikiwa imesimama, ili ganda likae mahali pake na bolti isiyokazwa ijulikane hapo hapo na si barabarani. Kaza tena kirekebishi. Wenzo ukivutwa kwa mkono mzima unapaswa kusimama ukiwa umeacha nafasi ya angalau vidole viwili kutoka kwenye usukani, mbele na nyuma pia.

Mpaka nyenzo mpya zifike, kama ni lazima utumie baiskeli, iendeshe kwenye tambarare, raba zikiwa karibu na rimu kadiri rimu inavyoruhusu, na kagua nafasi ya wenzo kila asubuhi kabla ya kutoka. Breki ya mbele ivute kwa kidole kimoja tu. Mteremko wa kutoka Marangu usubiri, na mvua ikinyesha panda gari. Baada ya kufunga nyenzo mpya, teremka mara ya kwanza taratibu hadi sehemu ya karibu, simama, gusa rimu uone kama raba zinabana sawasawa pande zote mbili, kisha ukaze waya mara moja zaidi, kwa kuwa maganda mapya hulegea kidogo siku ya kwanza. Nyenzo za zamani zifute, zipake mafuta kwenye pini, na uzihifadhi pamoja na zile kantileva. Zina thamani kwa yeyote anayekarabati baiskeli za miaka hiyo, na huenda mtu huyo akawa wewe.